Dume Anaua Majike, Mayai Yanapotea: Kutatua Matatizo ya Kuzalisha Sikilidi Wakali Nyumbani

Mwezi wa saba mwaka jana, alfajiri, simu iliita kabla hata kuku wa jirani hawajafunguliwa. Alikuwa kijana wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, ninayemjua kwa habari za samaki tu.

"Shikamoo mzee. Amemuua tena."

"Marahaba. Wa ngapi huyo?"

"Wa tatu."

"Wamebaki wangapi?"

"Amebaki yeye mwenyewe, mzee. Anazunguka kama mwenye nyumba."

Na kweli alikuwa mwenye nyumba. Kijana alinunua samaki wawili aina ya mbuna, dume na jike, akawaweka kwenye tangi la sentimita 90 lenye jiwe moja kubwa katikati. Jike alipokufa akanunua mwingine, akamtumbukiza. Huyo naye alipokufa, akanunua mwingine. Kila mara alilaumu duka. Nilimwambia asinunue wa nne mpaka tuzungumze, na mengi tuliyozungumza siku hiyo ndiyo haya, pamoja na malalamiko mengine ninayoyasikia kila wiki kutoka kwa wafugaji wa hapa Arusha na wenzetu wa Moshi.

Kwa anayeanza: sikilidi ni jamaa ya sato na perege tunaowajua kwenye sufuria, furu wa Ziwa Victoria na kuhe wa Kigoma. Wakali wanaofugwa sana kwenye matangi ya vioo ni mbuna wa Ziwa Nyasa, Tropheus na brichardi wa Ziwa Tanganyika, halafu wageni wa Amerika: oska, na yule mwenye milia myeusi kama sare za wafungwa wa zamani, ambaye hapa nitamwita sikilidi wa milia. Jua kwanza wako ni wa kundi lipi. Mbuna na Tropheus huatamia mdomoni; jike hubeba mayai na vifaranga kinywani, dume hasaidii chochote. Brichardi, oska na sikilidi wa milia hutaga juu ya jiwe au pangoni, na wazazi hulinda. Tiba ya kundi moja inaweza kuliharibu jingine.

Jambo jingine la kuelewa kabla hujashika wavu: dume anayefukuza ni dume aliye tayari kuzaa. Aliyepoa kabisa mara nyingi ni mgonjwa au anasikia baridi. Kwa hiyo sikufundishi namna ya kuufuta ukali. Tunachotafuta ni kuugawa, usimwangukie samaki mmoja.

Anza hapa, dalili yoyote ile

Soma kipimajoto, usiguse kioo kwa kiganja ukasema "ni vuguvugu". Hesabu samaki kwa jinsia na uandike. Pima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwa dawa ya matone. Kisha subiri usiku, zima taa ya sebuleni, na baada ya nusu saa mulika na kitochi uone nani analala wapi. Anayelala juu pembeni, amejibanza nyuma ya hita, ndiye anayeonewa. Nusu ya kesi ninazoletewa huishia kwenye vipimo hivi vinne.

Dume anafukuza majike mpaka wanafa

Hili ndilo linaloongoza, na ndilo lenye sababu nyingi, basi tulikalie.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni majike wachache. Watu hununua "jozi" kama wanavyonunua njiwa. Mbuna hawaishi kwa jozi. Dume huchumbia kila jike anayepita, na jike ambaye hana mayai hana pa kukimbilia, kwa hiyo hufukuzwa mchana kutwa. Weka angalau majike wanne kwa dume mmoja. Anapomfukuza huyu, yule anapumua. Kwa Tropheus idadi hiyo nayo ni ndogo: kundi la 15 au zaidi, kwenye tangi lisilopungua sentimita 120, na chujio lenye nguvu kweli, kwa sababu samaki wengi ni uchafu mwingi.

Sababu ya pili ni maficho mabaya. Sisemi hayapo, nasema mabaya. Nilipokwenda hatimaye kwa yule kijana, nilikuta amenunua chungu kizuri cha udongo akakilaza chini. Jike wa nne alikuwa ameingia ndani, dume amesimama mlangoni. Chungu chenye mlango mmoja ni mtego. Kitoboe nyuma, au tumia vipande vya bomba la PVC vya sentimita 15 hadi 20, wazi pande zote mbili, vyenye upana wa kumpitisha jike na kumkwamisha dume. Fundi bomba yeyote anavyo vipande vya kutupa. Vitawanye pande zote za tangi, vingine uviegemeze juu karibu na uso wa maji, maana samaki anayeonewa hukimbilia juu.

Mawe nayo yapangwe kwa marundo mawili au matatu yenye nafasi kati yake, sio mlima mmoja katikati. Mlima mmoja una mfalme mmoja. Rundo lifike juu kiasi cha samaki wa upande huu asimwone wa upande ule. Mawe mekundu ya volkano tunayoyaokota huku kwetu ni mepesi na yana matundu mazuri, lakini kingo zake hukata. Yasugue, jiwe moja kwa jingine, kabla ya kuyaweka. Na weka mawe ya chini yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo umwage mchanga. Sikilidi huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka siku moja, na litaangukia kioo.

Sababu ya tatu: mgeni kuingizwa kwenye himaya ya mwenyeji. Hapa ndipo kijana wa Sakina alipopoteza wawili wa mwisho. Ukitaka kuongeza samaki, mtoe dume kwanza, mweke kwenye ndoo yenye hewa au kwenye kapu la plastiki lenye matundu, yale ya kwendea sokoni, linaloelea ndani ya tangi hilohilo. Badilisha mpangilio wote wa mawe. Ingiza wageni, zima taa. Mrudishe dume siku ya tatu au ya nne, wa mwisho kabisa, aikute nyumba haijui.

Ya nne: "jike" si jike. Mbuna wadogo wengi hufanana, na madume wanyonge huficha rangi zao makusudi wasipigwe. Tropheus ndio usiseme, kwa macho hutofautishi. Mtoe majini kwa mikono iliyolowa, mgeuze tumbo juu, tazama matundu mawili karibu na pezi la nyuma: kwa jike tundu la uzazi ni pana kuliko la choo, kwa dume yanakaribia kulingana. Sekunde chache tu, kisha mrudishe.

Kwa oska na sikilidi wa milia, ambao kweli huishi kwa jozi, njia ni tofauti. Gawa tangi kwa wavu mgumu wa plastiki na uwaache waonane wiki moja au mbili. Wakianza kutikisana mapezi kwenye wavu na kusafisha jiwe kila mmoja upande wake, toboa tundu dogo ambalo jike tu anapita. Atakwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Baadhi ya wafugaji hawautoi wavu kabisa, na mayai hurutubishwa kwa maji yanayopita kwenye matundu ikiwa jike ametaga karibu nao.

Aliyeumia mtenge leo, usisubiri kesho. Jike huyo wa nne niliyemtoa kule Sakina mkia ulikuwa umebaki vijiti vitupu, kama ufagio wa chelewa uliochakaa, na magamba ya ubavuni yametoka mstari mzima. Maji safi, joto la nyuzi 26, na chumvi ya mawe isiyo na madini joto, gramu 1 kwa lita, vilimtosha. Mkia uliota tena ndani ya wiki sita. Ukiona jicho limetoka, au kidonda kinachimbika badala ya kufunga, usichovye dawa za kuku. Mtafute daktari wa mifugo.

Kuna madume wasiofaa, nalo tulikubali. Kama una majike watano, maficho ya kutosha na tangi kubwa, na bado anaua, mtoe kabisa. Wangu mmoja wa namna hiyo aliishi peke yake kwenye tangi la mezani kwa miaka, akipigana na kijiko changu kila nilipomlisha.

Wametaga jana, asubuhi mayai hayapo

Kwa wanaoatamia mdomoni, tazama kidevu cha jike kabla hujalalamika. Kimeshuka kama amebeba punje za mahindi? Anatafunatafuna polepole, hali chakula, anajitenga? Mayai yamo mdomoni. Yamekwenda panapostahili.

Kama kidevu kilikuwa kimejaa halafu siku ya tatu kimekuwa kitupu, sababu ya kwanza ni ugeni wa kazi. Jike wa mara ya kwanza humeza mayai, wa mara ya pili huenda akameza tena. Usimfanye chochote. Ya pili ni bughudha: dume bado anamfukuza, au watoto wanagonga kioo. Ya tatu ni mayai yasiyorutubishwa, ambayo jike huyajua na kuyala.

Ya nne ni adimu lakini inafurahisha. Kama unafuga ngogo wa madoadoa wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, pamoja na waatamiaji wa mdomoni, chunguza. Ngogo huyo hupitia katikati ya sikilidi wanapotaga, hutaga ya kwake hapohapo, na jike wa sikilidi huyaokota yote bila kujua. Ndani ya mdomo wa mama wa kambo, vifaranga wa ngogo huanguliwa mapema na kuwala wenzao. Mwezi unaisha, jike anatema vifaranga vyenye sharubu.

Kwa wanaotaga juu ya jiwe, mayai kupotea usiku mmoja mara nyingi ni wazazi wenyewe wameyala. Uzao wa kwanza na wa pili huliwa sana. Baada ya hapo angalia taa: ukizima ghafla kila kitu kinakuwa giza tororo, na majirani wa usiku kama ngogo na kambare wadogo wanapata nafasi. Acha taa ndogo ya kuchaji ikiwaka chumbani siku nne za mwanzo. Na funika upande mmoja wa kioo kwa gazeti, wazazi wasione miguu inayopita.

Kumtapisha jike vifaranga kwa mkono ni hatua ya mwisho, sio ya kwanza. Mbuna hubeba kama siku 21 kwenye nyuzi 26, na baridi huongeza siku. Tropheus hubeba karibu mwezi. Kabla ya siku ya 18 kwa mbuna, unachotoa ni viluwiluwi wenye vifuko vya kiini ambao hujui kuwalea. Ukilazimika, mshike kwa mikono iliyolowa juu ya bakuli la maji ya tangi hilohilo, kichwa chini, na utelezeshe ncha butu ya kijiti cha meno ufungue taya la chini taratibu. Asipofungua mara tatu, mrudishe. Taya likivunjika hatakula tena.

Mayai yanageuka meupe na kuota pamba

Yai zima la sikilidi mara nyingi lina rangi ya kaharabu au manjano. Jeupe limekufa. Machache meupe pembeni ni kawaida na wazazi huyaondoa. Yote meupe ndani ya siku mbili maana yake hayakurutubishwa: una majike wawili (kwa oska hutokea sana, hujenga kiota pamoja na kutaga wote wawili), au dume ni mdogo bado hajui mahali pa kupita, au alifukuzwa na dume mwingine katikati ya shughuli. Kama nusu hupona na nusu huoza, tazama joto na mzunguko wa maji juu ya jiwe. Jiwe la hewa, lile la kutoa viputo vya pampu, likiwa karibu na mayai husaidia kuliko dawa. Bluu ya methilini, dawa ya ukungu, hufanya kazi unapoangulia kwenye chombo pembeni, lakini usiitie kwenye tangi kuu, itatia rangi silikoni, ile gundi ya vioo, na kuua bakteria wa chujio wanaosafisha maji.

Wana miezi, hawatagi kabisa

Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, jibu langu la kwanza ni baridi na silazimiki hata kuuliza. Nyumba zetu hazina joto la ndani. Mwaka niliohamia hapa, kipimajoto changu kilisoma 19 asubuhi ya Julai, na nilikuwa nashangaa kwa nini mbuna wamekuwa wapole. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 27 hivi mwaka mzima. Lenga 26. Hita ya wati 1 kwa lita moja ya maji ni kipimo kizuri kwa huku. Chini ya hapo itawaka usiku kucha na bado isifike. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 ni kama lita 240, basi hita mbili za wati 120 ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikigoma nyingine inashikilia. Ili luku isikimbie, ziba nyuma na ubavuni kwa foma nyeupe ya kufungia televisheni au kipande cha godoro kuukuu, na weka kifuniko. Mke wangu anasema tangi langu limelazwa wodini. Moshi kuko chini zaidi na joto ni jingi, wenzetu huko huhangaika wiki chache tu.

Sababu ya pili ni jinsia, ambayo tumeshaigusa. Ya tatu ni umri: mbuna wengi hawako tayari kabla ya kutimiza miezi kadhaa.

Ya nne ni maji, na hapa watu wa Arusha wana lao. Samaki akifa tunalaumu floraidi, ile iliyotutia meno rangi ya kahawia. Ni kweli vyanzo vingi vya miteremko ya Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa. Lakini kwa kesi nilizoziona mimi, floraidi imesingiziwa kuliko ilivyotenda. Kinachojitokeza zaidi ni kwamba maji haya yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi ndani ya maji, iko juu, jambo ambalo sikilidi wa Tanganyika wanalipenda kwa kuwa ziwa lao lina pH karibu 9, ila ugumu wa maji uko chini. Kwa hiyo usimwage magadi soda kwa kuwa ulisoma mahali kwamba sikilidi wanataka pH ya juu. Pima pH na ugumu kwanza, vyote viwili. Maji yakiwa laini, maganda ya chaza yaliyopondwa, yale ya kuku wa mayai, ndani ya mfuko wa wavu kwenye chujio, huongeza kalsiamu polepole bila kuwashtua.

pH ya juu ina hatari ambayo wengi hawaijui. Amonia ileile huwa kali zaidi maji yanapokuwa na magadi. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Mfugaji mwenye maji ya pH ya chini anaweza kulisha ovyo akasamehewa. Sisi hatusamehewi. Tangi jipya liache wiki 4 hadi 6 bakteria wakue kabla ya kuingiza kundi zima, na badilisha asilimia 30 ya maji kila wiki. Mara nyingi badiliko hilohilo la maji, asubuhi yake, ndilo huwafanya watage.

Jike ameacha kula na tumbo limevimba

Tenganisha mawili. Mwenye mayai mdomoni hali chakula, kidevu kimejaa, tumbo ni jembamba, macho makali. Mgonjwa hali chakula, kidevu kiko sawa, tumbo limejaa kama puto, anatoa choo cheupe kirefu kama uzi, na hukaa karibu na mdomo wa chujio akipumua haraka.

Ugonjwa huu wa kuvimba hushika sana Tropheus na mbuna wanaokula mwani. Huanza kwa msongo wa kufukuzwa, au kwa chakula cha nyama: moyo wa ng'ombe, minyoo, dagaa waliosagwa kila siku. Wale ni wakwangua mawe, utumbo wao ni mrefu na unataka majani. Acha kulisha siku tatu kundi zima, badilisha nusu ya maji kwa awamu mbili, kisha rudi na spirulina (chakula cha mwani) na mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto.

Hapo ndipo kazi yako inaishia. Dawa inayotajwa sana ni metronidazoli, na najua inapatikana kila duka la dawa, lakini kipimo chake kwa lita na kwa siku kiachie daktari wa mifugo. Nimeona mtu akisaga vidonge vya binadamu kwa kukisia akaua waliokuwa wazima. Magamba yakishasimama kama koni ya mvinje, samaki huyo ni nadra kupona. Mtenge ili wengine wapone.

Wote wako juu wanahema

Hii ni dharura. Fanya kwa mpangilio huu.

Gusa pampu: inafanya kazi? Umeme ukikatika tangi lenye samaki wengi huishiwa hewa ndani ya saa chache, na huku juu tunaanza tukiwa nyuma tayari, kwa kuwa kwenye mita 1,400 maji hushika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, tena na tena, mpaka upate pampu ya betri. Chujio la ndoo lililokaa bila umeme zaidi ya saa chache usiliwashe hivyohivyo. Mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe.

Soma kipimajoto. Hita iliyoganda kwenye "washa" hupandisha maji hadi nyuzi 33 na zaidi, na umeme unaorudi kwa kishindo huziharibu sana. Chomoa. Usitumbukize barafu, badilisha asilimia 10 kwa maji ya kawaida, subiri nusu saa, rudia. Kifaa cha kulinda friji kinalinda na hita pia.

Kama ulibadilisha maji leo, shuku klorini. Baadhi ya siku maji ya bomba hunuka kama bwawa la kuogelea. Tia dawa ya kuondoa klorini sasa hivi, na siku nyingine acha maji kwenye pipa na jiwe la hewa saa 24 hadi 48.

Simama na uite fundi katika hali hizi. Ukiingiza mkono ukasikia mchomo au ganzi, usiguse tena kitu chochote, zima meni swichi na umwite fundi umeme. Hita iliyopasuka huweka volti 230 ndani ya maji. Waya zote ziwe zimening'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Na ukiona kioo kimepata ufa au pembe inavuja, punguza maji hadi chini ya ufa kabla ya kumpigia fundi vioo. Lita 240 ni kilo 240, usijaribu kulisogeza likiwa limejaa.

Nyongeza ya mikono yako: usiingize mkono wenye jeraha, wala usivute mpira wa maji kwa mdomo. Kuna bakteria wa matangi, Mycobacterium marinum, anayesababisha uvimbe au kidonda cha kidole kisichopona kwa wiki kadhaa. Ukipata hicho nenda hospitali, na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki. Asipojua hilo atahangaika na dawa zisizohusika.

Vifaranga wanakufa wiki ya pili

Angalia mdomo wa chujio kwanza, wengi wamo humo, uvishe sponji. Pili ni njaa. Vifaranga wa mbuna hutoka wakubwa, karibu sentimita 1, na hula chakula kilichosagwa kama unga wa muhogo tangu siku ya kwanza. Wa sikilidi wa milia ni wadogo mno, wanataka atemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) walioanguliwa, au chembe za kiini cha yai lililochemshwa zinazokaa kwenye ncha ya kisu, sio zaidi, maana kiini huoza upesi. Lishe mara nne kwa siku, kidogokidogo. Tatu ni maji mapya yenye baridi. Badilisha kwa jagi, sio kwa ndoo.

Wazazi waliokuwa wakilea pamoja wamegeukiana

Kwa jozi ya sikilidi wa milia hii mara nyingi humaanisha dume anataka uzao mwingine na jike bado ana vifaranga. Mtenge dume kwa wavu, jike atalea peke yake. Samaki mmoja mkubwa na mpole nyuma ya wavu humpa dume wa kumkoromea asiye mkewe.

Vifaranga wamezidi, hakuna anayewataka

Jozi ya sikilidi wa milia inaweza kutoa vifaranga zaidi ya 100 kwa mara moja, na ikarudia baada ya wiki chache. Usiwapeleke Ziwa Duluti, wala Mto Themi, wala Chala. Ziwa Chala lina perege wake, Oreochromis hunteri, ambaye asili yake ni humo tu, naye tayari yuko hatarini kutoweka kabisa. Na tunajua sangara alichowafanyia furu wa Ziwa Victoria baada ya kupandikizwa miaka ya 1950. Kama huna soko, acha mayai yaliwe. Toa jiwe lenye mayai siku ileile, au tenga majike. Afisa uvuvi wa halmashauri atakushauri ukitaka kuuza kwa wingi.

Ukiuza, uza aina moja moja. Mbuna wa aina tofauti wakiwekwa tangi moja huzaliana, na watoto hao hawana jina. Mnunuzi akikuuliza ni aina gani na wewe hujui baba yao, mwambie hivyohivyo, na ushushe bei. Kijana wa Sakina sasa ana majike sita na dume yuleyule, na majuzi amenitumia picha ya ndoo yenye vifaranga kumi na wanne. Bei bado hajaniambia.